Majani ya Kimuli hayana profesa

Kiangazi cha mwaka jana nilikaa nyumbani Kimuli siku tisa. Siku ya tatu Tata akanichukua mlimani kwenye ng'ombe. Hakuwa na haja ya msaada wangu, maana mwandishi wa habari kwenye machunga ni mzigo tu. Alitaka kunionyesha kitu. Akasimama mahali ambapo nikiwa mtoto majani yalinifika kifuani. Sasa hivi pale pana changarawe, vishina vikavu vilivyoachana kama nywele za mtu anayeota kipara, na yale majani marefu yenye harufu kama ya mchaichai ambayo ng'ombe hayagusi mpaka njaa imkabe. Tata akaniambia, "Wewe umesoma. Haya yamekuwaje?" Nikamjibu kwamba mimi nilisomea habari, sikusomea majani. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo waliosomea majani wako wapi?"

Nimerudi mjini na swali hilo na limekataa kutoka kichwani, kwa sababu mmoja wa hao waliosomea majani namfahamu.

Tulikaa naye dawati moja sekondari. Mimi nikaenda kwenye kalamu, yeye akaenda kusomea sayansi ya wanyama, akabobea kwenye malisho, akafaulu vizuri, akapata nafasi ya shahada ya uzamili kwa fedha za mradi fulani wa wafadhili. Wenzake walichagua maeneo ya karibu na chuo, ambako mtu anapima asubuhi na jioni anakula chipsi. Yeye kwa ukaidi akachagua kuja kwao. Akaomba ruhusa kwa wazee, akapanda mlimani na nguzo na waya wa miba, akajenga vizimba tisa vidogo vya kuzuia ng'ombe wasiingie, ili alinganishe majani ya ndani na ya nje. Kila baada ya wiki mbili anapiga magoti na fremu yake ya mbao, anakata majani yaliyo ndani ya fremu, anayatia kwenye mifuko ya karatasi, anakausha, anapima. Watoto wakawa wanamcheka: mtu gani anavuna majani na hana ng'ombe? Wazee hawakumcheka. Walimuuliza swali moja tu: utarudi lini kutuambia? Akasema miezi kumi na minane.

Mvua za mwaka wa kwanza zilikuwa nzuri, majani ndani ya vizimba yakapanda kama yamewekewa mbolea. Za mwaka wa pili zilichelewa, ukiangalia ndani na nje huoni tofauti. Sasa jibu ni lipi? Yeye mwenyewe aliniambia: anahitaji mwaka wa tatu, wa nne, ikiwezekana wa kumi. Mradi ukafungwa kwa tarehe yake. Tasnifu ikajalidiwa kwa jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, kwa Kiingereza, ikawekwa rafuni, na ukurasa wa mwisho ukasema kwamba utafiti zaidi unahitajika. Leo rafiki yangu anazunguka na pikipiki akiuza dawa za kupe na minyoo. Nguzo za vizimba vyake nimeziona kwa macho yangu kwa jirani, zinaegemeza migomba yenye mikungu mizito. Angalau zimepata kazi ya kudumu.

Usiseme huyo ni mmoja na bahati yake mbaya. Hoja yangu ni kwamba kazi ya utafiti wa malisho katika nchi hii imepangwa kwa namna ambayo kijana mwenye akili timamu lazima ayakimbie majani mapema iwezekanavyo. Akibaki nayo, anaumia. Akiyaacha, anapanda cheo.

Hebu tazama ngazi yenyewe. Unaanza mhadhiri msaidizi au mtafiti wa daraja la chini. Ili upande, unahesabiwa makala ulizochapisha kwenye majarida ya kitaaluma. Hakuna anayehesabu viangazi ulivyokaa kwenye kilima kimoja. Makala inatosha kwa vipimo vya misimu miwili, na vipimo vya misimu miwili vikikupa makala moja, basi busara ni kuhamia kilima kingine, mradi mwingine, na ikibidi mnyama mwingine. Anayeamua kung'ang'ania kilima chake miaka kumi atazeeka akiitwa msaidizi. Ndiyo maana kadiri shahada inavyopanda, msomi wa majani anazidi kuwa mbali na majani, mpaka akifika kileleni anakutana nayo kwenye bustani ya hoteli wakati wa mapumziko ya chai ya semina. Simlaumu. Ana watoto wa kusomesha kama mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba majani hayana haraka. Mahindi unapanda, miezi minne umepata jibu, mbegu hii nzuri, hii mbaya, kwaheri. Malisho ya asili ni mimea ya kudumu inayoishi miaka mingi, mizizi yake inakumbuka ukame wa zamani, na mvua za mwaka mmoja mzuri zinaweza kuficha uharibifu wa miaka mitano. Anayeyatazama miaka miwili ni sawa na anayesikiliza kesi kwa dakika mbili halafu anatoa hukumu. Waingereza waliliona hili zamani. Pale Rothamsted, kaskazini ya London, kuna uwanja wa majani ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 1856, na mpaka leo unakatwa na kupimwa. Walioanza wamekufa, wanafunzi wao wamekufa, uwanja bado unatoa majibu ambayo waanzilishi hawakujua hata kuyauliza.

Utaniambia hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Sawa, twende Laikipia, Kenya. Pale Mpala, mwaka 1995, watafiti walizungushia uzio viwanja 18, kila kimoja hekta nne. Vingine vinaingiwa na ng'ombe peke yao, vingine wanyamapori, vingine wote, vingine hakuna. Wakaanza kungoja. Baada ya miaka zaidi ya kumi na mitano, mwaka 2011, Mkenya Wilfred Odadi na wenzake wakachapisha matokeo kwenye jarida la Science. Kila mfugaji anajua kwamba punda milia wanamla ng'ombe wake chakula, na kila askari wa wanyamapori anajua kwamba ng'ombe ni adui wa punda milia. Vipimo vikaonyesha kwamba wote wawili wana haki nusu. Kiangazi, ng'ombe wanaochunga pamoja na wanyamapori wanaongezeka uzito kidogo kuliko wanaochunga peke yao, yaani mfugaji anasema kweli. Lakini masika mambo yanageuka: ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori wanaongezeka uzito zaidi, kwa kuwa punda milia hula yale mabua makavu na kumwachia ng'ombe majani laini. Jibu hilo usingelipata kwa mradi wa miezi kumi na minane. Ungepima masika ukaandika kitu kimoja, au kiangazi ukaandika kinyume chake, na makala zote mbili zingekupandisha cheo.

Sasa rudi kwetu uone kwa nini hili si suala la maprofesa peke yao. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yakapandishwa kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, mwaka ule ule ilipozaliwa Burigi-Chato. Kabla yake, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita mkoani kuwaondoa wahamiaji haramu, hoja ya ng'ombe wa kutoka nchi jirani waliomaliza majani ilikuwa kwenye kila mdomo. Rudi nyuma zaidi, miaka ya 2000, ranchi za taifa zikakatwa vitalu na kukodishwa. Haya ni maamuzi makubwa juu ya nani achunge wapi, na sisemi hapa kwamba yalikuwa sahihi wala kwamba yalikuwa makosa. Ninachosema ni hiki: katika kazi yangu nimehudhuria mikutano mingi ya migogoro ya ardhi, na sentensi huwa ile ile, "mifugo imezidi uwezo wa malisho." Huwa nanyoosha mkono. Nauliza: uwezo wa malisho ya kata hii ni ng'ombe wangapi kwa hekta, na nani alipima, mwaka gani? Hapo mheshimiwa hutabasamu, anasema swali zuri, na kipaza sauti kinapewa mtu mwingine.

Mfugaji anaambiwa apunguze ng'ombe kwa hesabu ambayo hakuna aliyeiweka mezani. Naye anakataa kwa hesabu ya kichwani mwake, ya marehemu babu yake. Katikati yao alipaswa kusimama mtu mwenye daftari la miaka ishirini. Mtu huyo yuko kwenye pikipiki anauza dawa za kupe.

Wasomaji wangu wa mjini, najua mnachowaza: ng'ombe na majani yananihusu nini mimi? Mnakula ndizi? Kagera mgomba haujawahi kuishi peke yake. Wahaya wana kibanja, shamba la migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na wana rweya, uwanda wa majani. Ng'ombe alikuwa daraja: anakula rweya mchana, usiku analala nyumbani, samadi inaingia kibanjani. Na majani yenyewe yanakatwa kutandazwa chini ya migomba. Frederick Baijukya aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya mfumo huo, Wageningen, Uholanzi, mwaka 2004, akitazama nini kifanyike sasa ambapo ng'ombe na samadi vimepungua na daraja linakatika. Kwetu Karagwe na Kyerwa mambo ni ya jamii hiyo hiyo, isipokuwa milima yetu ni mikavu zaidi. Mlima ukiwa kipara, mgomba unajua kabla yako.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, na hili ni la wivu, nakiri. Mwaka 1930 mbegu za nyasi ya jamii ya brakiaria zilichukuliwa Uganda, kwa majirani zetu ng'ambo ya mto Kagera, zikapelekwa Australia. Huko wakazitunza, wakazipima miongo kadhaa bila haraka, wakazipa jina la Basilisk, na kutoka huko zikafika Brazil. Leo brakiaria kutoka Afrika zimetandazwa Amerika ya Kusini kwa mamilioni ya hekta, na Brazil ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya ng'ombe duniani. Ng'ombe wa Brazil anakula majani ya kwetu! Halafu kituo cha utafiti cha Colombia kikachanganya aina za brakiaria kikapata chotara, Mulato, ambaye mzazi wake mmoja ni nyasi iliyopewa jina la bonde la Ruzizi, pale kati ya Kongo na Burundi. Na miaka ya 2010 miradi ikaanza kuirudisha brakiaria Kenya na Rwanda, safari hii ikiwa kwenye pakiti, na semina juu yake. Mtoto kaondoka nyumbani bila viatu, karudi na suti, tunamwita mgeni rasmi.

Nasema hivyo bila kumchukia Mbrazili wala Mwaustralia. Walichotuzidi si akili. Walimlipa mtu akae na nyasi. Hata mlimani kwetu ipo nyasi ambayo wanasayansi wanaiita Loudetia kagerensis, yaani imebeba jina la Kagera popote inapotajwa duniani. Nani Kagera analipwa kuitazama?

Na tusijidanganye kwamba Mtanzania hawezi kazi ndefu. Ng'ombe wa Mpwapwa, uzao wetu wenyewe, alipatikana kwa kuchanganya na kuchagua kwa miongo, katika kituo ambacho mwanzo wake ni enzi za Wajerumani. Shinyanga ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulipoanza, mkoa ulikuwa unaitwa jangwa na hekta za ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama 600. Ngitili ni desturi ya Wasukuma: unafunga eneo la majani masika, unalifungua kiangazi kikikaza. Hakuna profesa aliyeibuni. Ila safari hii wataalamu walikubali kukaa, mradi ukaenda mpaka 2004, miaka kumi na minane, wakajenga juu ya kile ambacho wazee walikuwa wanakijua tayari. Ngitili zikavuka hekta 300,000. Kisha Profesa Gerald Monela na wenzake wakahesabu faida kwa kaya, wakachapisha mwaka 2005, na dunia ikaanza kuja kujifunza. Miezi kumi na minane ya rafiki yangu, miaka kumi na minane ya HASHI. Tofauti yote iko hapo.

Najua majibu ninayoandaliwa. La kwanza, vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka kiyoyozi. Rafiki yangu alipiga magoti kwenye changarawe mwaka mzima na nusu, wavivu watafutwe kwingine. La pili, zama za kuchunga zimepita, watu wafunge ng'ombe bandani walishe mabingobingo. Mimi nayapenda mabingobingo, na ng'ombe wa maziwa wa bandani wamesomesha watoto wengi Kagera. Lakini hayo mabingobingo yanataka ardhi yenye rutuba, ile ile ya migomba, na yanataka mtu wa kukata na kubeba kila siku, ambaye kwa kawaida ni mama au mtoto. Mlima wenye mawe hauwezi kuwa shamba la mabingobingo. Utabaki kuwa mlima, na ama una majani ama una makorongo.

La tatu, eti tunayo taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo, TALIRI, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na vituo vyake vipo. Vipo, na naviheshimu. Lakini Mpwapwa na Kongwa ziko Dodoma, kwenye mvua za msimu mmoja. Mabuki iko Mwanza. Kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka na udongo ni mwingine, na nimeshasema majani hayakubali majibu ya kuazima. La nne ni fedha. Hapo huwa nacheka. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe zaidi ya milioni 33 nchini, halafu tunaambiwa hakuna fedha ya kujua wanakula nini. Bei ya shangingi moja jipya la mradi italipa mshahara wa mtafiti kijana kwa miaka mingi, na waya wa miba utabaki.

Ninachodai si kikubwa. Vyuo vinavyofundisha malisho vikubali kwamba miaka kumi ya vipimo vya mahali pamoja, vilivyowekwa wazi kwa wote, ihesabiwe kwenye kupandisha cheo kama zinavyohesabiwa makala. Na halmashauri ya Kyerwa, pamoja na wizara, itenge kilima kimoja. Hekta kumi zinatosha kuanzia. Nusu izungushiwe uzio, nusu ichungwe kama kawaida, wazee wenye ng'ombe wakae kwenye kamati, mtafiti akae kijijini, na kila mwisho wa kiangazi asimame mbele ya mkutano aseme kwa Kiswahili, na kwa Kinyambo kwa wanaotaka, ameona nini. Mkataba uwe wa miaka ishirini, na usife na waziri wala na mfadhili.

Kilima Tata yuko tayari kukionyesha. Mtafiti yupo, anapatikana siku za gulio akiwa na boksi la dawa nyuma ya pikipiki, na madaftari yake ya vipimo ameyahifadhi chini ya kitanda. Atakayekuwa tayari kumwajiri aniandikie, nitampa namba yake ya simu.